Mafuta na Oksijeni Havikai Zizi Moja

Katika nchi ya Ankole, ambako ng'ombe ni mali na ni heshima, hahitaji mtu kufundishwa kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Siku hizi wapo mafahali wengine wawili wanaokutana katika hospitali na vituo vya afya vya sehemu hizo. Mmoja ni oksijeni ya mitungi, na wa pili ni mafuta ya kulainishia mitambo. Kila mmoja, akiwa peke yake, ni mtumishi mwema. Oksijeni humrudishia mgonjwa pumzi. Mafuta huiwezesha mashine kuzunguka bila vyuma kusagana. Lakini wakikutana ndani ya vali yenye mgandamizo mkubwa, wanaweza kuzaa moto wa ghafla unaomwunguza fundi, muuguzi na mgonjwa kwa pamoja.

Sayansi imekwisha kupata namna ya kuwapatanisha. Namna hiyo ni grisi na mafuta ya kutengenezwa viwandani yenye florini ndani yake. Ni bidhaa ya bei ghali, inayouzwa katika bomba dogo mfano wa bomba la dawa ya meno, na ambayo watu wengi hawajapata kuiona. Jambo la kutazamwa leo ni hili: je, bomba hilo dogo linapewa nafasi inayostahili katika mipango ya huduma ya oksijeni, au husahauliwa mara tu mtambo mkubwa unapokwisha kuzinduliwa?

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yamo katika Wilaya ya Isingiro, kusini-magharibi mwa Uganda, mwendo wa makumi ya kilometa kutoka mji wa Mbarara. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu waliokimbia kutoka Rwanda. Leo yana watu zaidi ya 150,000, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia, Ethiopia na kwingineko, na Kiswahili ni lugha mojawapo inayowaunganisha. Makazi hayo yamepakana na kuingiliana na gombolola za wenyeji, ikiwemo Rugaaga, yenye kituo cha afya cha daraja la nne. Katika utaratibu wa Uganda, kituo cha daraja hilo hutakiwa kuwa na daktari, chumba cha upasuaji na uwezo wa kumzalisha mama kwa kisu. Mkimbizi na mwenyeji hungoja zamu katika foleni moja.

Mahali penye upasuaji hapana budi pawepo oksijeni. Inahitajiwa na mtoto mwenye nimonia, na kichanga aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia. Inahitajiwa na mama aliyepoteza damu nyingi. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeiorodhesha oksijeni kwa miaka mingi kama kitu cha kutumika pamoja na dawa za usingizi. Mwaka 2017 liliiorodhesha pia kama dawa muhimu ya kutibu upungufu wa oksijeni mwilini. Wizara ya Afya ya Uganda nayo ilitoa mpango wa taifa wa kupanua huduma hiyo, uliohusu miaka ya 2018 hadi 2022. Nia yake ilikuwa hospitali za rufaa za mikoa ziwe vitovu vya kutengenezea oksijeni, na mitungi isambazwe kutoka huko hadi vituo vidogo. Katikati ya mwaka 2021, wimbi la pili la ugonjwa wa korona lilipoikumba nchi, kila familia iliyokuwa na mgonjwa ilitambua thamani ya mtungi mmoja.

Mtambo wa kutengenezea oksijeni katika hospitali ya rufaa kama ya Mbarara huvuta hewa ya kawaida, hewa hii hii tunayoivuta sote, yenye oksijeni asilimia 21 hivi. Hewa hiyo hugandamizwa kwa kompresa, kisha hupitishwa katika matangi yaliyojaa punje za madini yaitwayo zeolaiti. Punje hizo hunasa naitrojeni na kuiachia oksijeni ipite. Kinachotoka ni gesi yenye oksijeni yapata asilimia 93. Gesi hiyo hushindiliwa katika mitungi ya chuma hata mgandamizo wake ukazidi ule wa hewa ya kawaida zaidi ya mara 100. Huo ndio mtungi unaopandishwa kwenye gari, ukapita katika mashamba ya ndizi na malisho ya ng'ombe, hadi ukafika kituoni.

Ndugu wasikilizaji, hatari huanzia katika tabia ya oksijeni yenyewe. Oksijeni haiungui. Kazi yake ni kuunguzisha vitu vingine. Kitu kinachowaka pole pole katika hewa ya kawaida huwaka kwa nguvu kikiwa ndani ya oksijeni tupu, na kitu kisichowaka kabisa katika hewa kinaweza kuwaka humo. Mafuta ya injini, grisi ya gari, mafuta ya kupikia, vaselini na mafuta ya kupaka mwilini, vyote hivyo vimejaa kaboni na haidrojeni, na kwa oksijeni yenye mgandamizo ni kuni zilizokauka.

Pengine msikilizaji atauliza: kiberiti kiko wapi? Kiberiti ni mgandamizo wenyewe. Mtu anapofungua vali ya mtungi kwa ghafla, gesi hukimbilia katika nafasi ndogo ya kidhibiti cha mgandamizo na kujishindilia humo kwa kufumba na kufumbua. Gesi inayoshindiliwa hupata joto, kama ambavyo pampu ya baiskeli hupata joto ikisukumwa kwa haraka. Ndani ya mtungi wa oksijeni joto hilo linaweza kupanda vya kutosha kuwasha tone la mafuta lililosahauliwa katika nyuzi za parafujo. Tone likiwaka, huwasha ringi ya mpira. Ringi nayo yaweza kuwasha chuma chenyewe.

Haya si mambo ya kubuni. Mwezi Februari 1999 idara za serikali ya Marekani zinazosimamia dawa na usalama kazini zilitoa tahadhari kwa umma juu ya vidhibiti vya oksijeni vya alumini vilivyokuwa vikishika moto na kulipuka, na kuwaunguza vibaya watumiaji wake. Zilishauri vitumike vile vya shaba nyeupe, ambayo haiwaki kwa urahisi. Huko nyuma, tarehe 27 Januari 1967, wanaanga watatu wa Marekani, Grissom, White na Chaffee, walikufa wakiwa bado ardhini katika jaribio la chombo cha Apollo 1, kwa sababu chumba chao kilikuwa kimejazwa oksijeni tupu na moto ukakienea katika muda wa sekunde. Na mwezi Aprili 2021 watu zaidi ya 80 walikufa katika moto wa hospitali ya Ibn al-Khatib mjini Baghdad, ulioanzia kwenye mitungi ya oksijeni. Chanzo cha kila moto kilikuwa na maelezo yake, lakini aliyeukuza ni yule yule.

Sasa chukua mfano wa fundi hodari. Katika Nakivale na katika miji ya jirani wako mafundi wengi, wenyeji na wakimbizi, walioanza kujifunza kazi tangu utotoni katika karakana za Bukavu, Bujumbura au Mbarara. Fundi huyu anajua kwamba parafujo iliyokaza hulainishwa. Ni elimu ya kweli, iliyomlisha yeye na watoto wake. Anaitwa kituoni usiku, vali imegoma, mgonjwa anahema. Akiitoa grisi ya gari katika mfuko wake, hatakuwa amefanya uzembe. Atakuwa ametumia elimu aliyo nayo mahali isipostahili. Kosa kama hilo ni la wale waliomkabidhi mtungi bila kumkabidhi elimu ya mtungi.

Elimu hiyo huanza na kanuni moja fupi. Nyuzi za mtungi wa oksijeni kwa kawaida hazitakiwi kupakwa kitu chochote. Mtumiaji wa kawaida, awe muuguzi, mhudumu au ndugu wa mgonjwa, hana ruhusa ya kuzilainisha. Ni wakati wa matengenezo tu, ndani ya vali, ndani ya kidhibiti na katika ringi fulani, ndipo mtengenezaji wa kifaa huelekeza kitiwe kilainisho, na hapo ndipo grisi yenye florini inapoingia.

Florini ni elementi ya asili iliyo kali kupita zote. Mfaransa Henri Moissan ndiye aliyefaulu kuitenga peke yake, mwaka 1886, baada ya wengine waliojaribu kudhuriwa nayo na wengine kupoteza maisha. Mwaka 1906 alipewa Tuzo ya Nobel. Lakini florini hiyo kali ikishafungana na kaboni, hutulia. Kifungo chao ni miongoni mwa vifungo imara kuliko vyote katika kemia ya kaboni. Mafuta ya kawaida huungua kwa sababu haidrojeni yake huachia nafasi na oksijeni ikaja kuichukua kaboni. Katika mafuta haya ya kutengenezwa hakuna haidrojeni hata chembe. Kila kiti kimekwisha kukaliwa na florini, na florini hainyanyuki. Oksijeni hupiga hodi, ikakosa mahali pa kukaa.

Historia ya mafuta hayo imegusa Afrika kuliko inavyodhaniwa. Tarehe 6 Aprili 1938, mkemia Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont aligundua kwa bahati unga mweupe unaoteleza, ambao baadaye ulipewa jina la Teflon. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanasayansi wa Marekani waliotengeneza bomu la atomiki walikuwa wakisafisha urani iliyogeuzwa kuwa gesi ya florini, gesi kali iliyoyala mafuta ya pampu zao. Ikawalazimu kutafuta mafuta ambayo yenyewe yana florini. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika kazi hiyo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, nchini Kongo. Tangu miaka ya 1960 zikaja aina bora zaidi: Krytox ya DuPont, ambayo tangu mwaka 2015 ni mali ya kampuni ya Chemours, Fomblin, iliyobuniwa Italia, na baadaye Demnum ya kampuni ya Daikin ya Japani.

Florini yenyewe hutokana na jiwe liitwalo floraiti. Jiwe hilo lilichimbwa kwa miongo kadhaa hapa hapa Afrika Mashariki, huko Kimwarer katika Bonde la Kerio nchini Kenya, tangu miaka ya 1970 mpaka uchimbaji uliposimama mwaka 2016. Lilisafirishwa likiwa malighafi. Hakuna awezaye kufuatilia punje moja kutoka Kerio hadi kwenye bomba la grisi, lakini hesabu ya biashara ni ile ile inayofahamika: jiwe huondoka kwa tani na bei ya jiwe, bidhaa hurudi kwa gramu na bei ya vito. Kilo moja ya grisi hiyo hufikia mamia ya dola za Marekani, ambapo grisi ya kawaida ya gari ni ya dola chache tu.

Kazi zake viwandani ni nyingi. Hutumika katika minyororo ya tanuri za kuokea, ambako mafuta ya kawaida hugeuka masizi. Hutumika katika vali za gesi ya klorini inayosafishia maji ya miji, katika pampu za kutolea hewa kwenye viwanda vya vipuri vya elektroniki, na katika vyombo vya angani, ambako hakuna fundi wa kwenda kuongeza mafuta. Hata sahani za kuhifadhia kumbukumbu ndani ya kompyuta hupakwa utando wake, mwembamba wa molekuli chache tu. Baadhi ya aina hustahimili tangu baridi iliyo chini kabisa ya sifuri hadi joto la zaidi ya nyuzi 200 za sentigredi. Ni mazito pia: lita moja yapata kilo 1.9, zaidi ya mara mbili ya uzito wa mafuta ya injini.

Pamoja na sifa hizo, isidhaniwe kuwa ni dawa ya kila ugonjwa. Kiwanda cha maziwa mjini Mbarara hakihitaji grisi ya bei hiyo mahali ambapo mafuta safi ya daraja la chakula yanatosha. Tena, grisi hii haichangamani na grisi ya zamani. Ikipakwa juu yake, uchafu unaobaki chini ungali kuni, kwa hiyo kifaa hapana budi kisafishwe kikavu kwanza. Peke yake haizuii kutu vizuri. Ikipata joto la kupita kiasi huvunjika na kutoa moshi wa sumu, ndiyo maana fundi aliyeishika haruhusiwi kuvuta sigara kabla ya kunawa mikono. Wala hakuna kitu chenye florini kilicho salama kabisa mbele ya oksijeni. Mwezi Aprili 1970 tangi la oksijeni la chombo cha Apollo 13 lilipasuka safarini kuelekea mwezini, na uchunguzi ulionyesha kuwa kilichoungua ndani yake ni Teflon iliyofunika nyaya, baada ya kuharibika kwa joto. Kwa sababu hiyo grisi na utepe mweupe wa mafundi bomba si kitu kimoja kwa kuwa tu vyote vina florini. Kinachotakiwa ni kile kilichopimwa na kuandikwa wazi kuwa ni cha oksijeni.

Lipo na suala la mazingira. Uimara ule ule unaoifanya grisi hii isiungue huifanya isioze. Imo katika jamii kubwa ya kemikali za florini ambazo dunia imeanza kuzitilia mashaka, kwa sababu hudumu katika maji na udongo kwa miaka mingi mno. Mkataba wa Stockholm, ambao Uganda imo, umekwisha kuzidhibiti baadhi ya ndugu zake, mmoja mwaka 2009, mwingine 2019, na mwingine 2022. Mwaka 2023 nchi tano za Ulaya zilipendekeza jamii yote iwekewe mipaka. Grisi ya oksijeni haimo katika orodha hizo za Stockholm, lakini busara ni kuitumia kidogo, mahali pasipo na badala yake, na kutolitupa bomba lake jalalani wala kulichoma. Mto Rwizi unapita katikati ya Mbarara ukielekea upande wa maziwa, na maelfu ya watu wa Nakivale hunywa maji yanayotoka katika ziwa lao. Ardhi oevu ya Mburo na Nakivale iliingizwa mwaka 2006 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Si mahali pa kujaribia kemikali isiyooza.

Ndugu wasikilizaji, kutokana na hayo yote ni dhahiri nini kinapaswa kufanywa. Kwanza, anayetoa mtambo au mitungi, awe serikali, shirika la Umoja wa Mataifa au mfadhili mwingine, ahesabu pia grisi sahihi, ringi za akiba, na vitambaa safi visivyo na mafuta, kwa umri wote wa mtambo. Kulinganisha na bei ya mtambo, gharama hizo ni ndogo mno. Lakini zisipoandikwa katika bajeti, hakuna mganga wa kituo cha gombolola atakayezilipa kutoka mfukoni mwake, na bomba litakapokwisha, kitakachochukua nafasi yake ni kopo la grisi lililo karibu.

Pili, mafundi wafundishwe, wakiwemo mafundi wakimbizi, kwa lugha wanayoielewa. Maandishi mengi ya vifaa hivi yako katika Kiingereza au Kichina. Fundi aliyesomea kazi yake Kivu, na anayezungumza Kiswahili, ana akili ya kutosha kuelewa kwa nini mtungi huu si sawa na gurudumu la lori. Karatasi moja ya Kiswahili na Kinyankole iliyobandikwa katika chumba cha mitungi ingeweza kuzuia msiba.

Tatu, wauguzi na ndugu wa wagonjwa wazingatie kanuni za kila siku. Mikono iwe safi, isiyo na mafuta, kabla ya kugusa vali. Vali ifunguliwe pole pole. Mgonjwa aliyevaa barakoa ya oksijeni asipakwe vaselini midomoni wala puani. Midomo ikikauka, kuna dawa za kupaka zenye asili ya maji. Mishumaa, sigara na majiko viwekwe mbali. Vali ikigoma isilazimishwe wala isilainishwe. Mtungi huo uwekwe kando, uandikwe alama, urudishwe Mbarara kwa wenye ujuzi.

Nchi zetu zimezoea kusifu mitambo mikubwa siku ya kuzinduliwa, utepe unapokatwa na ngoma zikipigwa. Lakini mtambo hauishi kwa ngoma. Huishi kwa vitu vidogo vinavyonunuliwa mwaka wa pili, wa tatu na wa kumi, wakati wapiga picha wamekwisha kuondoka. Mama anayeletwa Rugaaga usiku wa manane hatajua kamwe kama ndani ya vali iliyo karibu na kichwa chake mna grisi ya gramu chache iliyo sahihi. Wanaopaswa kujua ni wale waliodhaminiwa kuitunza pumzi yake.